Bima Huuliza Kazi Iliishaje

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini agizo la kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwezi huo haujaisha, mpwa wangu akanipigia simu kutoka Makambako. Alikuwa ameajiriwa katika mradi mmoja wa UKIMWI. Mkoa wetu wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na virusi. Ndiyo maana miradi ya aina hiyo iliwaajiri vijana wengi wa Makete, Wanging'ombe na Njombe mjini, na ndiyo maana agizo lililosainiwa Washington lilifika haraka sana kwenye nyumba zetu.

"Shikamoo mjomba. Wametuambia tusije kazini. Rejesho la nyumba ni mwisho wa mwezi. Ile bima ninayokatwa si ndiyo kazi yake hii?"

Nilimwomba anisomee barua aliyopewa, taratibu, mstari kwa mstari. Haikusema popote kwamba ameachishwa kazi. Ilisema shughuli za mradi zimesimama mpaka atakapoarifiwa tena. Nikamwambia asiitegemee bima kwa mwezi ule wala unaofuata, aende benki kesho yake asubuhi. Akanyamaza, kisha akaniuliza nimejuaje.

Nimejua kwa sababu nimepita njia hiyo. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomsimulia yeye, kwa kuwa wenye swali lake ni wengi: walionunua nyumba kwa mkopo wa miaka mingi, na wale wengi zaidi wanaojenga kwa mkopo wa mshahara.

Nilizaliwa Tandala, wilayani Makete, kwenye milima ambako mwezi wa sita na wa saba shuka moja haitoshi. Nyumba yetu baba aliijenga kidogokidogo. Mwaka mmoja tulifyatua tofali, mwaka mwingine tukazichoma, mwaka mwingine tena ukapanda msingi. Fedha ya pareto ilinunua bati, ya viazi ilinunua saruji. Mavuno yakiwa mabaya, ujenzi ulisimama na hakuna aliyekuja kudai chochote. Tulihamia humo madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa mbao, na upepo wa Kitulo ulipita palipokosa kuzibwa.

Juu ya nyumba, mlimani, baba alipanda misindano. Kila familia iliyojiweza kidogo ilifanya hivyo. Miti ile ilikuwa ada ya shule, matibabu na mazishi ya siku zijazo. Ilichukua miaka mingi kufikia kupasuliwa mbao, kwa hiyo aliyeipanda alikuwa akimfikiria mtu ambaye hajawa mkubwa bado.

Nilipokuja kuzijua benki ndipo nilipoelewa tofauti. Shamba la baba halikuwa na hati ambayo benki ingeikubali iwe dhamana. Hilo lilimchelewesha sana, na mama aliishi na baridi ile miaka mingi ambayo mkopo ungeipunguza. Lakini hakukuwa na siku ambayo baba kukosa kipato kungemkosesha paa. Anayenunua nyumba kwa mkopo anapata paa mapema, na papo hapo anaifunga nyumba yake kwenye kazi yake. Kazi ikitetereka, nyumba inatetereka nayo. Bima imetengenezwa kwa ajili ya hapo zinapofungwa pamoja, na hapo ndipo inapopaswa kukaguliwa.

Mwaka 2013 nilikuwa msimamizi wa stoo katika kampuni moja binafsi mjini Njombe, mwajiriwa wa kudumu. Mke wangu alikuwa na duka la nguo Makambako, pale njia panda ambapo barabara ya Songea inaungana na ile kuu ya Dar es Salaam na Tunduma. Mji ulikuwa unakua kwa malori, mbao na mahindi, na kodi ya nyumba ilipanda kila mwaka. Tulipata nyumba ndogo kwenye kiwanja kilichopimwa, chenye hati. Tukaamua kukopa shilingi milioni 30 kwa miaka kumi.

Mkopo wa nyumba ulikuwa kitu kipya nchini. Sheria yake maalumu ilipitishwa 2008, na kampuni ya TMRC, ambayo huzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zimkopeshe mwananchi kwa miaka mingi, ilianzishwa 2010. Mpaka leo mikopo ya nyumba haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Kwa hiyo hatukuwa na jirani wa kumuuliza, wala mzee aliyewahi kuipitia.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenzi aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, kwa hiyo benki tulikwenda wawili. Ofisa mikopo alikuwa kijana mpole. Riba ilikuwa asilimia 18, rejesho kama shilingi 540,000 kwa mwezi. Alipofika kwenye bima alisema, "Hiyo msijali, imo ndani," akafungua ukurasa wa saini.

Mke wangu, ambaye hajawahi kununua jora bila kulikunjua lote, akauliza, "Imo ndani inalipa nini?"

Ilikuwa inalipa deni mume akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Akauliza akifukuzwa kazi je? Kijana akasema hiyo ni nyongeza, mteja anachagua mwenyewe. Akauliza inalipa miezi mingapi, inaanza lini, na ni wakati gani hailipi. Kijana aliinuka akaenda ofisi ya ndani, akarudi na karatasi za Kiingereza zilizoandikwa kwa herufi ndogo. Tulikaa pale tukizisoma watatu, na nadhani hata yeye siku ile ndiyo alizisoma kwa mara ya kwanza.

Tulitoka na mambo manne ambayo mpaka leo ndiyo namwambia kila anayeniuliza.

La kwanza ni namna ya kuilipia. Ile bima ya lazima ilikuwa na ada ya mara moja, shilingi 900,000, na utaratibu ulikuwa kuijumlisha kwenye mkopo. Mke wangu alitoa kikokotoo. Laki tisa zikiingia ndani ya mkopo wa asilimia 18 kwa miaka kumi, hadi rejesho la mwisho umelipa karibu shilingi 1,950,000. Tukaomba kulipa taslimu. Ikakubaliwa bila ubishi, ila hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba inawezekana.

La pili ni ukomo. Bima ya kupoteza kazi ilikuwa inalipa marejesho sita, basi. Haikuwa inafuta deni. Ilikuwa inanunua nusu mwaka.

La tatu ni kusubiri, na kulikuwa na kusubiri kwa aina mbili. Ukipoteza kazi ndani ya miezi mitatu ya kwanza tangu kukata bima, hulipwi kitu. Ukiipoteza baada ya hapo, siku 60 za mwanzo ni mzigo wako mwenyewe, bima huanza kuhesabu baada yake.

La nne ndilo zito kuliko yote. Bima ilikuwa na orodha ya namna za kuacha kazi ambazo haizitambui: kujiuzulu, kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, kustaafu, na mkataba kufikia mwisho wake. Iliyobaki ni kupunguzwa kazini kwa sababu za mwajiri. Yaani bima haikulipi kwa sababu huna mshahara. Inakulipa kwa sababu umeukosa kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi zake.

Mimi nilikuwa mwajiriwa wa kudumu, na hatari iliyokuwa mbele yangu ilikuwa kupunguzwa. Kwa hiyo nyongeza ile ilinifaa, na tukaichukua kwa kama shilingi 12,000 kwa mwezi. Kwa zile siku 60, tukafungua akaunti ya marejesho mawili ambayo hatukuigusa hata mtoto alipohitaji sare ya shule. Mfanyakazi wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja akikata bima ileile, anaweza kuwa anachangia kitu kisichomhusu kabisa.

Mwaka 2016 kampuni ikaamua kupunguza watu. Tuliitwa kwenye chumba cha mikutano na kuwekewa karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya kupunguzwa, yenye stahiki za kisheria. Nyingine ilikuwa ya kuondoka kwa hiari, nayo ilikuwa na nyongeza ya mshahara wa mwezi mmoja kwa atakayesaini siku hiyohiyo.

Nyongeza ile ilivutia, kwa sababu stahiki za kisheria si nyingi kama watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, kisichozidi miaka kumi. Nilikuwa na miaka minane. Siku 56! Miaka minane yote ilikuwa imekunjwa kwenye mishahara kama miwili.

Nilitoka nje nikampigia simu mke wangu, maana bima tulikuwa tumeiweka dukani ndani ya sanduku la hesabu. Akaisoma. "Ukisaini ya hiari, umejiuzulu," akasema. "Bima haipo." Hesabu ilikuwa wazi: mshahara mmoja wa nyongeza dhidi ya marejesho sita ya nyumba, zaidi ya shilingi milioni tatu. Nikarudi ndani nikachukua barua ya kupunguzwa.

Mwenzangu tuliyeanza naye kazi mwaka mmoja alisaini ya hiari. Naye alikuwa na mkopo na bima kama yangu. Alipopeleka madai, jibu lilikuwa mistari miwili: aliondoka mwenyewe. Alihangaika nalo hadi muda ukampita, kwa sababu mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Aliuza shamba la urithi kulipa benki. Nyumba aliiokoa, urithi ukaenda. Tangu hapo namwambia kila mtu kwamba siku ya kuondoka kazini ndiyo siku ya kusoma bima, kabla ya kusaini chochote, hata kama wanaokuzunguka wana haraka.

Madai yangu yalilipwa, ila si kwa kupeleka barua na kukaa nyumbani. Kampuni ya bima ilitaka barua ya kupunguzwa, mkataba wa ajira, hati za mishahara, taarifa ya benki, na kila mwezi uthibitisho kwamba bado sina kazi. Masharti yalisema pia kwamba siku nitakapoajiriwa au kujiajiri, malipo yanakoma. Nilikuwa nataka kuingia kwenye biashara ya mbao na nikalazimika kupima: nianze mapema nipoteze marejesho, au nisubiri nipoteze msimu. Nilisubiri.

Marejesho sita yakaisha, na mbao hazikuwa zimeanza kuleta faida. Hapo duka la mke wangu lilitubeba, na Tandala ikatubeba. Baba aliuza sehemu ya misindano yake, ile aliyoipanda nikiwa shule ya msingi, fedha zikaja Makambako kwa basi ndani ya bahasha. Barabara ya Makete ilikuwa bado ya vumbi wakati huo. Bima ilikuwa imefanya kazi yake yote kama ilivyoandikwa, na bado isingetosha peke yake. Tungekuwa tumeitegemea yenyewe tu, mwezi wa tisa tangu nipunguzwe ungetukuta kwa dalali.

Mwaka uliofuata nikaona upande mwingine wa orodha ileile. Tarehe 28 Aprili 2017, kwenye Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti. Watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaamriwa kuondoka kazini. Mtaani kwetu alikuwemo mmoja. Alikuwa na mkopo mkubwa uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, na nyumba ilikuwa dhamana.

Sitetei cheti cha kughushi. Ninachokumbuka ni mke wake, ambaye hakughushi kitu, akija kwetu na karatasi za bima akiomba tumsaidie kusoma. Aliyeondolewa kwa udanganyifu halipwi na bima yoyote niliyowahi kuiona. Baada ya hapo ilikuja notisi ya siku 60 ambayo sheria inaitaka kabla benki haijachukua hatua, na watoto wale walihamia kwa bibi yao. Mwaka 2022 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliamua walioondolewa kwa vyeti warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi. Ilikuwa nafuu, ila miaka mitano baadaye, na dalali huwa hangoji hivyo. Nilijifunza kwamba bima ya mkopo humwangalia mwenye mkopo peke yake. Wanaolala ndani ya nyumba hawamo kwenye hesabu, na wao ndio wenye haki ya kuuliza maswali siku ya kusaini.

Mtu anaweza kufikiri haya ni ya kwetu tu, ya benki changa na wateja wasiozoea. Uingereza ilikuwa hivyohivyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa miaka mingi benki za kule ziliuza mamilioni ya bima za kulinda marejesho ya mikopo. Waliouziwa walikuwemo watu waliojiajiri, ambao kwa masharti ya bima hiyo wasingeweza kudai hata siku moja, na watu ambao hawakujua kwamba wanayo. Wasimamizi walipoingilia, benki zilirudisha zaidi ya pauni bilioni 38, na mwisho wa kupeleka malalamiko ukawekwa tarehe 29 Agosti 2019. Kosa la msingi lilikuwa lilelile la "imo ndani": bima kuuzwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuza mkopo.

Kwetu benki sasa zinaruhusiwa kuwa mawakala wa bima, kwa usimamizi wa TIRA, mamlaka ya bima nchini. Ni urahisi kwa mteja, maana anamaliza yote mezani pamoja. Ni hatari pia, kwa sababu mezani pale mawazo yake yote yapo kwenye nyumba. Anayeona amedhulumiwa ana pa kwenda: sheria ya bima ya 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mteja anaweza kumfikia bila kuanza na mahakama.

Kimeongezeka pia kitu ambacho mimi sikukipata. Mabadiliko ya sheria ya 2018 yameleta fao la kukosa ajira kwenye mifuko ya hifadhi ya NSSF na PSSSF: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Theluthi moja ya mshahara haitoshi rejesho na chakula kwa pamoja, lakini ukiiweka juu ya bima na akiba, kuna pa kupumulia. Angalia tu sharti lile la mwisho. Mfuko nao unauliza kazi iliishaje.

Mpwa wangu alikwenda benki kabla ya tarehe ya rejesho, na hilo lilimsaidia kuliko bima. Anayekuja na barua mkononi kabla hajachelewa husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Walikubali alipe riba tupu kwa miezi michache. Barua ya kuachishwa hasa ilikuja baadaye, miezi kadhaa kabla USAID, shirika la misaada la Marekani, halijaacha rasmi kuendesha misaada ya nje tarehe 1 Julai 2025. Hapo ndipo bima ikaanza kulipa, na ililipa kwa ile miezi tu iliyokuwa imebaki kwenye mkataba wake wa kazi. Nyumba bado ni yake. Kipato chake sasa ni duka la dawa alilofungua Makambako.

Kwa hiyo ndugu msomaji unayetaka kukopa: usichague bima kwa kuangalia ada. Kaa kwanza uandike kazi yako inaweza kuisha kwa njia zipi, mkataba, mradi, kupunguzwa, ugonjwa, kisha uulize bima inalipa zipi kati ya hizo. Kwa zile isizozilipa, tafuta kitu chako mwenyewe, kiwe akiba, duka au miti. Lipa ada taslimu ukiweza. Nenda na mwenzi wako, na mwache aulize mpaka aridhike.

Na kwa benki na TIRA nina ombi moja. Masharti ya bima ya mkopo yaandikwe kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja, na orodha ya yasiyolipwa ikae juu, kabla ya mahali pa saini. Mkopaji anayekatwa kila mwezi kwa miaka kumi anastahili kujua anakatwa kwa ajili ya nini.